Kumleta mbwa wa pili wa aina tofauti nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo majirani na jamaa wa huku Nakuru, yaani Kiamunyi, Lanet na Njoro, na hata wengine wa Kisumu, huniuliza wanaponiona nikitembea na mbwa wangu wawili. Bosco ni dume wa kienyeji wa kilo 18, sikio moja limepasuka. Zuri ni jike wa German Shepherd aliyekuja Bosco akiwa na miaka minne. Nimeyapa namba ili nikikuelekeza swali jingine ulipate upesi.

KABLA HUJAMLETA

1. Mbwa wangu ni wa kienyeji. Atamkubali mbwa wa aina nyingine?

Mbwa wako hajui kwamba yeye ni wa kienyeji na mwenzake amenunuliwa kwa shilingi 40,000. Anachojua ni harufu, ukubwa, umri, jinsia na jinsi mgeni anavyojibeba. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliochunguza mbwa zaidi ya 18,000 wa Marekani, ulikuta kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa "Rottweiler hakai na mwenzake" au "kienyeji ni mpole", uliza ni Rottweiler yupi na kienyeji yupi.

Hata hivyo, aina huleta shida moja ambayo wengi hawaifikirii: lugha ya mwili. Mbwa huongea kwa mkia, masikio na manyoya ya mgongoni. Japanese Spitz mkia wake umejikunja juu ya mgongo saa zote, na mbwa wako anaweza kudhani mgeni anajitutumua kuanzia asubuhi hadi jioni. Rottweiler aliyekatwa mkia hana cha kutikisa. Pug hukoroma akipumua, na kwa mbwa asiyemzoea mkoromo huo unafanana na kunguruma. Zuri alipoanza kusimamisha masikio, Bosco alimkwepa karibu wiki nzima, kana kwamba kila wakati kuna jambo limesikika ambalo yeye hajaambiwa. Hakuna mwenye kosa hapo. Ni lafudhi tu, na huzoeleka wakianzia mbali (swali la 10).

2. Basi nichague aina gani?

Angalia kilo kabla ya jina. German Shepherd dume ana kilo 30 hadi 40. Japanese Spitz ana 5 hadi 10. Wakiwa wanacheza tu, bila ubaya wowote, mkubwa anaweza kumkanyaga mdogo akamvunja mguu. Kuna baya zaidi: kijibwa kikilia kwa sauti nyembamba na kutimua mbio, mbwa mkubwa mpole anaweza ghafla kuona windo badala ya mwenzake. Hilo huisha kwa sekunde chache, na huwezi kulirudisha. Kanuni yangu ni hii: mmoja akiwa na uzito unaozidi mara mbili wa mwenzake, hawaachwi peke yao bila mtu, hata kama wamekaa pamoja mwaka.

Cha pili ni nguvu za mwili. German Shepherd, Border Collie na Malinois walizalishwa kufanya kazi kutwa. Mbwa wako wa miaka tisa anataka jua la asubuhi na kimya. Ukimletea mtoto wa Malinois umemletea mateso ya uzeeni.

3. Baba yangu anasema madume wawili hawakai boma moja. Ni kweli?

Fahali wawili hawakai zizi moja, mzee hakukosea, ila methali hiyo ni ya ng'ombe (na ya wanasiasa). Madume wawili wa mbwa hukaa, hasa wakitofautiana umri na angalau mmoja akiwa amehasiwa. Dume na jike ndio huelewana upesi zaidi, lakini soma swali la 17 kabla hujafurahi. Watu hudhani majike wawili ndio salama kuliko wote. Mimi nimeona kinyume chake: majike wanaoishi nyumba moja wakikosana, ugomvi wao huwa mkali na hawausahau.

4. Nilete mtoto au mbwa mkubwa?

Mtoto, kama mbwa wako ana uvumilivu. Mbwa wengi wazima humsamehe mtoto mambo ambayo wasingemsamehe mtu mzima mwenzao, ingawa msamaha huo huanza kuisha mtoto akifika miezi minne au mitano. Usimchukue kabla hajatimiza wiki nane. Wauzaji wengi hupenda kuwatoa wakiwa na wiki tano ili waache kuwalisha, lakini wiki hizo tatu za mwisho ndizo mama na ndugu zake humfundisha nguvu ya kuuma inayokubalika. Aliyekosa somo hilo humuuma mbwa wako kwa nguvu, na mbwa wako atamfundisha kwa njia yake.

5. Napanga kwenye ploti. Naweza kuweka wawili?

Muulize mwenye nyumba kwanza, na uulize kwa maandishi. Kukubaliwa mmoja si kukubaliwa wawili.

6. Nimeona watoto wa mbwa wakiuzwa kando ya barabara, wako ndani ya katoni. Ninunue?

Nilishanunua. Alikuwa mweupe, mnene, na muuzaji aliniambia "huyu ni Spitz safi, ameshadungwa zote". Siku ya nne aliacha kula. Siku ya tano alikuwa akitapika na kuhara damu yenye harufu ambayo huisahau. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi vinavyoshambulia utumbo. Alikufa siku ya saba, na unene ule ulikuwa minyoo. Bosco alinusurika kwa sababu alikuwa na chanjo, si kwa sababu nilikuwa mwerevu.

Omba kumwona mama. Asiyeweza kukuonyesha mama hajui watoto walikotoka, au anajua na hataki ujue. Omba pia kadi ya chanjo yenye stika za chupa na sahihi ya daktari wa mifugo. Maneno "ameshadungwa" si kadi.

AFYA

7. Ni chanjo zipi zinahitajika kabla hawajakutana?

Mbwa wa nyumbani ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa ndiye anayesahaulika. Awe amechanjwa kichaa cha mbwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, pamoja na ile chanjo ya mchanganyiko inayozuia parvo, distempa (ugonjwa mwingine wa virusi) na homa ya ini. Mtoto huanza chanjo ya mchanganyiko akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Ya kichaa hupewa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni za kuchanja mbwa mara nyingi hufanyika karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo muulize afisa wa mifugo wa wadi yako mapema.

Kumbuka kwamba hata daktari wa mifugo anapaswa kuwa amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kumwomba namba yake ya usajili si utovu wa adabu.

8. Mgeni akae kando siku ngapi?

Siku 14 ndizo ninazoshika. Parvo kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki moja, lakini distempa inaweza kuchelewa. Mweke upande mwingine wa nyumba, bakuli zake kando, na wewe mwenyewe ubadilishe viatu. Shida ya parvo ni udongo: virusi hivyo vinaweza kukaa ardhini mwaka mzima. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha Jik, sehemu moja kwa maji sehemu 20, uache dakika kumi. Udongo wa uani hauoshwi. Nyumba iliyofiwa na mbwa kwa parvo isiletewe mtoto asiyemaliza chanjo. Mimi nilisubiri mwaka na ushei ndipo nikamleta Zuri.

Siku hizo 14 hazipotei bure. Zitumie kubadilishana harufu: chukua gunia analolalia mmoja umpe mwenzake alalie.

9. Naweza kuwaogesha wote kwa dawa ya kupe ya ng'ombe?

Hapa ndipo aina ya mbwa ina uzito kuliko mahali pengine popote kwenye ukurasa huu. Wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au wawili, dawa imebaki kwenye ndoo, na mbwa wa kienyeji tumemwogesha nayo miaka yote bila kuona shida. Kisha mbwa mpya anaogeshwa kwa ndoo ileile na jioni anayumba kama mlevi. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na kijibwa cha kilo tano hakina pa kukosea.

Sindano ya ivermektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya mifugo ni hatari zaidi. Collie wengi, Australian Shepherd wengi, na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi katika jeni inayozuia dawa hiyo kuingia ubongoni. Kipimo ambacho mwenzake angekivumilia kinaweza kumpofusha, kumtia kifafa au kumuua. Usimruhusu mtu aliyekuja kudunga mbuzi akumalizie na mbwa "kwa kile kilichobaki".

Kupe wenyewe usiwapuuze, kwa maana hueneza magonjwa ya babesia na ehrlichia, na mgeni aliyelelewa ndani ya nyumba Nairobi anaweza kuugua vibaya kwenye nyasi ambazo mbwa wako amezizoea. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho. Dawa ya minyoo wape wote siku moja, kila baada ya miezi mitatu. Mtoto mdogo kila wiki mbili mpaka afike miezi mitatu.

KUKUTANA

10. Wakutane wapi na vipi?

Si kwenye geti. Geti ndilo mahali ambapo mbwa wako amebweka maisha yake yote kumwambia mgeni aondoke, na wewe unamfungulia mgeni mlango huohuo. Nilifanya hivyo na mbwa wa kaka yangu, na bado nina kovu kwenye kiganja.

Tafuta mahali pasipo pa mtu: kiwanja, barabara tulivu, shamba lililovunwa. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, si mnyororo mfupi. Anzeni mkiwa mita 20 mbali na mtembee kuelekea upande mmoja, si kukabiliana. Mbwa wanaotazamana uso kwa uso hubishana. Wanaotembea pamoja husafiri. Mkiona wote wananusa nyasi na miili yao imelegea, punguzeni mita chache. Dakika 15 zinatosha. Rudieni kesho, na keshokutwa, ndipo muwaache wanusane mikia kwa sekunde tatu na kuwaita. Kamba ziwe zimelegea, kwa sababu kamba iliyokazwa humwambia mbwa kuwa wewe pia una hofu.

Mkishapatana nje, ingieni nyumbani pamoja mkitembea, mgeni akitangulia.

Kama mgeni ni mtoto asiyemaliza chanjo, usimpeleke kiwanjani. Mkutanishe na mbwa wako uani kwako baada ya zile siku 14, yeye akiwa nyuma ya wavu au mikononi mwa mtu aliyeketi chini.

11. Mbwa wangu hufungiwa kwenye kibanda mchana na kufunguliwa usiku. Nifanyeje?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ndilo chanzo cha vifo vingi vya mbwa wa pili ninavyovijua mitaani kwetu. Mbwa aliyefungiwa kwa muda wa saa 12 hutoka na nguvu za kutwa nzima, gizani, akiwa kazini. Akikutana na mnyama asiyemjua ndani ya ua, atafanya kile unachomlisha akifanye.

Usiwafungulie pamoja usiku kabla hawajatembea pamoja mchana angalau mara kumi bila kukaziana macho. Kwa sasa weka zamu: huyu usiku wa leo, yule usiku wa kesho. Vibanda viwe jirani lakini kuwe na nafasi ya hatua mbili kati ya wavu na wavu, wasije wakaumana pua. Kila baada ya siku tatu wabadilishe vibanda. Siku ya kuwafungulia pamoja, fanya hivyo saa 10 jioni kukiwa na mwanga, uwe umeshawatembeza wakachoka, na ukae nao uani. Kama una bawabu, mweleze mpango wote. Bawabu asiyejua hufungua vibanda vyote saa moja kama kawaida.

12. Mbwa wangu ananguruma kwa mgeni. Nimchape?

Hapana. Kunguruma ni kusema "niondokee" kwa heshima. Ukimchapa kila anaponguruma, ataacha kunguruma, na siku akichoka atauma bila kutangaza. Mwite mgeni, ongeza umbali, basi. Cha kuogopa ni kimya: mwili umekakamaa, mdomo umefumbwa, macho hayapepesi. Ukiona hivyo watenganishe hapo hapo kwa kuwaita kwa sauti ya kawaida.

13. Itachukua muda gani?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mbwa siku ya tatu ndipo anaanza kula vizuri. Wiki ya tatu anaonyesha tabia zake za kweli, na wakati mwingine ndipo ugomvi wa kwanza hutokea, wenye nyumba wakidhani kazi imekwisha. Miezi mitatu ndiyo naihesabu kuwa amekuwa wa nyumbani. Bosco alichukua miezi mitano. Hakumuuma Zuri hata mara moja. Alihamia tu nyuma ya tangi la maji.

KUISHI PAMOJA

14. Wale chakula kimoja?

Bakuli mbili, pande mbili ambazo hawaonani, na bakuli ziondolewe wakimaliza. Mifupa usiitupe katikati ya ua kama mahari.

Mbwa wa kienyeji aliyekomaa huishi kwa ugali na omena au matumbo, akinenepa. Mtoto wa aina kubwa hawezi kutegemea ugali, lakini pia usimjazie unga wa mifupa au vidonge vya kalisi ukidhani unamjenga: kalisi ikizidi huharibu mifupa inayokua haraka. Nunua chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, au mwombe daktari akupangie. Mtoto wa aina ndogo anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kwani sukari yake hushuka upesi. Kwa wote: mchuzi wenye vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

15. Hali ya hewa ina shida?

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai mbwa mwenye manyoya mafupi anahitaji kibanda kilichoinuliwa na gunia kavu, hata kama mwenzake mwenye manyoya mazito anapenda kulala nje. Kisumu ni kinyume: Pug au French Bulldog mwenye pua bapa anaweza kuzirai kwa joto la saa nane mchana akimkimbiza mwenzake. Watembezwe alfajiri.

16. Wamepigana. Nawatenganishaje?

Usiingize mkono. Ndoo ya maji usoni, au gonga vifuniko viwili vya sufuria karibu na masikio yao. Ikishindikana na mko wawili, kila mtu amshike mbwa wake miguu ya nyuma, ainue kama mkokoteni, na warudi nyuma kwa wakati mmoja. Kisha siku mbili au tatu wasionane kabisa, na mnaanza upya kutoka swali la 10.

Ukiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Majeraha ya meno kwa mbwa huonekana madogo juu na makubwa ndani, daktari ayaone.

17. Dume wangu ni mkubwa na jike mpya ni mdogo. Kuna hatari?

Kubwa sana. Jike huingia joto kwa mara ya kwanza kuanzia miezi sita hivi, kisha kila baada ya miezi sita au zaidi, na joto hudumu takriban wiki tatu. Akipandwa na dume mkubwa kuliko yeye, baada ya siku 63 hivi huenda watoto wasipite, na ukajikuta unatafuta daktari wa kupasua saa tisa usiku. Uzio haumzuii dume; nimeona mmoja akipanda kwenye tangi. Mhasi dume au mfunge uzazi jike. Umri unaofaa hutofautiana kwa aina, na aina kubwa mara nyingi huambiwa zisubiri zaidi.

18. Mbwa mpya mpole atamharibu mlinzi wangu?

La. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kijibwa ndicho kinasikia kwanza na kubweka, na mkubwa ndiye anayeenda kuangalia.

19. Tangu wawe wawili wameanza kukimbiza kuku wa jirani. Kwa nini?

Mbwa mmoja hufikiri, wawili huwinda. Kila mmoja atembezwe peke yake mara kadhaa kwa wiki ili akusikilize wewe kabla ya mwenzake, na ziba ule uwazi chini ya uzio leo. Kuku walipe bila ubishi.

20. Nitajuaje kwamba haiwezekani?

Kama damu imetoka zaidi ya mara moja kwa majeraha ya kushonwa, kama mmoja haachi kumvizia mwenzake hata akiwa ameshiba na kuchoka, au kama mdogo hathubutu kutoka kibandani kwenda haja. Hapo usingoje miezi mitatu. Unaweza kuishi na zamu ya kudumu ya swali la 11, na nawajua watu wa mtaa wa London (wetu wa Nakuru) wanaoishi hivyo mwaka wa sita, ila ni kazi ya kila siku na kila mtu wa nyumbani lazima aifuate.

Kama huiwezi, mtafutie mmoja nyumba nyingine. Mara nyingi aliye mgeni huzoea mahali papya upesi kuliko yule wa zamani. Mpeleke na kadi yake ya chanjo, kola yake na gunia analolalia bila kulifua, na anayempokea umwambie yote aliyofanya, hasa kama ameshauma mtu.